SOMO LA AFYA: PRESHA YA MACHO NA MAZOEA YETU



Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai alipewa hospitalini dawa ya matone ya macho. Kichupa kilipokwisha hakuona tofauti yoyote, akaacha. Baada ya miaka miwili akawa anagongwa na toroli zinazopita ubavuni mwake, na nyapara akasema ni mlevi. Hakuwa mlevi. Alikuwa haoni pembeni.

Ugonjwa huo ni glakoma, ambao wengi wetu tunauita presha ya macho. Si ile presha ya damu. Ndani ya jicho mna majimaji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kwa njia ndogo. Yasipotoka vizuri hukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, ingawa wako wanaougua hata presha ikiwa ya kawaida. Aina iliyoenea kwetu haiumi. Huanza kula pembeni, na katikati hubaki pazuri kwa muda mrefu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, mtu akaona tena. Kilicholiwa na glakoma hakirudi. Matone yanalinda yaliyobaki tu, ndiyo maana mwenzetu hakuona tofauti.

Basi zoea la kwanza ni matone, kila siku, saa ile ile. Kwa sisi wa zamu hapo ndipo pagumu. Tuchague saa isiyohama na zamu, na kichupa kisikae mfukoni juani. Tunawe mikono, tuvute kope ya chini, tone moja, tufumbe jicho na kubonyeza pembe ya karibu na pua kwa dakika mbili. Kama kuna dawa ya pili, tungoje dakika tano. Mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwa maana timololi inaweza kumbana kifua.

Mengine husaidia kidogo. Anayetoka kupalilia na kiu asinywe lita nzima kwa mkupuo, maana presha ya jicho hupanda. Anywe kidogo kidogo. Anayeinua gunia asizuie pumzi. Kuinama kichwa chini kwa muda mrefu pia si kuzuri. Kutembea kwa miguu ni kuzuri. Wanaosifu bangi wajue kwamba hushusha presha kwa saa tatu au nne tu, na mlevi wa bangi mbele ya mashine tunamjua mwisho wake.

Hatari kubwa tunayoiona ni matone ya dukani ya kuondoa wekundu. Mengine yana deksamethazoni, na yakitumiwa majuma mengi hupandisha presha yenyewe.

Mwenye miaka 40 na zaidi apimwe. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na ugonjwa huu asingoje umri huo. Kwa Uganda, wapimaji wako Ruharo, Mbarara, na Mengo, Kampala.

Wengi wanaficha kwa kuogopa kufukuzwa. Makatibu wa matawi wadai siku ya kliniki isiyokatwa mshahara, na kazi iliyo mbali na mikanda ya mashine kwa asiyeona pembeni. Nasi tulio karibu naye tusimjie kwa ubavu. Tumwite jina kwanza, kisha tupite mbele yake.