Unajenga Ifakara Ukiwa Mbali: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maboma yaliyoota nyasi ndani utayakuta tangu Kidatu hadi Mlimba. Wenyewe wako Dar es Salaam, Muscat, Ulaya. Hela walituma. Soma haya kabla hujatuma nyingine.

KIWANJA: FANYA

Njoo ukione mwezi wa Aprili. Kiwanja unachouziwa Septemba kikiwa kikavu, masika watu wanavua kambale humo. Bonde la Kilombero, ulipo mji wa Ifakara, ni ardhi oevu iliyoorodheshwa na Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Maji hapa si mgeni. Waulize wazee wa jirani, siyo dalali, mto Lumemo ulipofurika maji yalifika wapi. Watakuonyesha alama ukutani. Msingi uipite alama hiyo, hata fundi akinung'unika kwamba mawe yanamaliza hela.

KIWANJA: USIFANYE

Usijenge ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza, na hata isingekataza, mto upo palepale.

Usinunue ardhi ya kijiji kwa karatasi iliyoandikwa sebuleni kwa shemeji. Pitia halmashauri ya kijiji, ufuatilie hatimiliki ya kimila kwa jina lako. Kiwanja kilichoandikishwa kwa jina la kaka "kwa muda tu" ni cha kaka. Akifa, ni cha wanawe.

HELA: FANYA

Lipa kwa hatua: msingi, boma, lenta, kupaua. Kila hatua ikaguliwe na mtu asiyekula na fundi. Vifaa vilipie dukani moja kwa moja. Na msimamizi mpe mshahara, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Ndugu asiyelipwa hujilipa kwa saruji.

HELA: USIFANYE

Usiamini picha. Kuna mteja alitumiwa picha safi kabisa za lenta, nondo zimepangwa vizuri. Zilikuwa za nyumba ya jirani. Piga simu ya video bila kutangulia kutoa taarifa. Simu ianzie barabarani, iingie hadi ndani, na nondo ipimwe ukiona. Umelipia milimita 12, usipokee 10.

Usitume hela ya bati kuta zikiwa kozi ya tatu. Itakuwa ada ya shule ya mtoto wa mtu.

KUTA NA PAA: FANYA

Gonganisha tofali mbili za kuchoma. Zikilia, zimeiva. Loweka moja usiku kucha. Ikimeguka asubuhi, rudisha mzigo wote. Za pembeni mwa tanuru haziivi vizuri, na hizo ndizo anazopelekewa mwenye nyumba asiyeonekana.

Ziba mwanya kati ya ukuta na paa, weka wavu kila dirisha. Mbu wa malaria huingilia hapo. Mji huu una taasisi ya utafiti wa afya ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1950, na bado watu wananunua televisheni kabla ya wavu!

KUTA NA PAA: USIFANYE

Usinunue bati la geji 32 ukidhani ndilo nene. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Chukua 28.

SAMANI

Usisafirishe masofa kuja kwenye nyumba isiyo na mtu. Unyevu, mchwa na panya watayakalia kabla yako. Nyumba tupu inahitaji mlinzi.

Kitanda na milango mpe seremala wa hapa. Mninga upo, msaji unapandwa bondeni humuhumu. Lakini ona kwanza mbao zimepangwa kivulini, zimetenganishwa kwa vijiti, zimekauka. Mlango wa mbao mbichi utapinda, na kitasa chako cha bei kubwa hakitafunga.

Masika huanza Machi. Kama Februari inaisha hujapaua, funika kuta kwa nailoni, simamisha mafundi, usubiri Juni.