UMBALI NA MUDA WA SAFARI YA NDEGE: BUKOBA–MWANZA

Watumishi wa umma na wakazi wa Murongo waendao Mwanza, hususan wenye wagonjwa waliopewa rufaa ya Bugando, wanakumbushwa yafuatayo:

1. Umbali wa angani kutoka Bukoba hadi Mwanza, juu ya Ziwa Victoria, ni takriban kilomita 175.

2. Ndege iendayo kilomita 500 kwa saa ingeumaliza kwa dakika 21 (175 ÷ 500 × 60). Kwa kuwa hupaa na kutua kwa mwendo mdogo, ni busara kukadiria dakika 40.

3. Muda huo haujumuishi barabara ya Omurushaka na Kyaka hadi Bukoba, wala kusubiri uwanjani. Mvua na ukungu wa ziwani huweza kuchelewesha ndege.

Hivyo, mwenye miadi ya asubuhi asafiri siku iliyotangulia.