Bando la usiku linakula kipindi cha asubuhi

Shikamoo Shangazi,

Nasoma mwaka wa pili chuoni hapa Dar es Salaam. Nina vipindi vya saa 1 asubuhi mara tatu kwa wiki, na muhula huu nimekosa vingi. Alamu inalia, naizima bila hata kujijua, nikishtuka ni saa 3. Mwenzangu wa chumbani amechoka kuniamsha. Karatasi ya mahudhurio inapita bila saini yangu, na naogopa kuzuiwa mtihani. Kusoma nasoma, ila mpaka saa 9 usiku, maana bando la usiku ndilo ninaloliweza. Naanza kuamini kwamba mimi ni mvivu. Nifanyeje?

Msomi wa Usiku

Marahaba mwanangu.

Hilo neno mvivu lifute. Mtu anayekesha na desa hadi saa 9 bidii anayo, usingizi ndio hana. Umri wako unahitaji kulala kwa muda wa saa 7 hadi 9. Alamu ikilia saa 12, mwili umepata saa tatu tu. Utaizima hata ukiweka tatu. Tena ujanani saa ya mwili hukawia, usingizi huja kwa kuchelewa kuliko kwetu sisi wazee. Wazazi wengi hawalijui hili, huona ni ukaidi.

Kwa hiyo tuanze na bando. Linaanza saa 6 usiku, na kwa kuwa ni la bei nafuu, masomo yako yote yamehamia saa za kulala. Lifanye la kupakulia tu. Ijumaa usiku anzisha upakuaji wa video na makala za wiki nzima, iache simu ikiendelea, wewe ukalale. Siku nyingine soma ulivyopakua kuanzia magharibi, au tumia intaneti ya maktaba kabla haijafungwa. Saa 5 simu iwe kwenye chaji, mbali na kitanda, ili alamu ikulazimishe kusimama.

Usiruke kutoka saa 9 hadi saa 5 kwa usiku mmoja, utabaki unakodolea dari. Rudisha nusu saa kila baada ya siku mbili tatu, lakini saa ya kuamka isibadilike, hata Jumapili. Kahawa ya saa 4 usiku iache: baada ya saa kama 5 hivi, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Na ukiamka, toka nje. Saa 12 na nusu Dar kumeshakucha mwaka mzima, na mwanga huo ndio unaourudisha mwili kwenye ratiba.

Ukilala vizuri kwa wiki mbili na bado unaamka hoi, au umepoteza hamu ya chakula na ya watu, nenda zahanati ya chuo. Upungufu wa damu na sonona huchosha hivyo hivyo, na vyote vina tiba.

Mwenzako wa chumbani mwombe radhi, umpumzishe kazi ya kukuamsha. Mhadhiri mfuate wiki hii hii. Vyuo vyetu vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75, hivyo muulize umebakiwa na nafasi kiasi gani, kabla majina ya waliozuiwa hayajabandikwa ubaoni.

Shangazi