Jinsi ya Kuirudishia Flashi Nafasi Yake Yote

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunazo flashi, nasi hutunzia humo mitihani ya miaka iliyopita, picha za mahafali na kazi za masomo. Muhula huu flashi ya darasa letu, tuliyoinunua kwa michango, ilipatwa na ugonjwa wa ajabu. Ilikuwa ya gigabaiti 32, na siku moja kompyuta ikasema ina megabaiti chache tu. Nataka kueleza sababu ya ugonjwa huo na dawa yake, na pia kosa nililokaribia kulifanya, ili lisimpate mwingine.

Mwalimu wetu wa kompyuta aliiazima flashi ile ili aingize Ubuntu katika mashine za zamani za maabara. Kabla ya hapo tulihamishia mitihani yetu yote katika kompyuta nyingine. Kazi ilipokwisha nikaichomeka katika kompyuta yenye Windows, na kumbe nafasi yote imetoweka! Mwenzangu mmoja akasema flashi imekufa, itupwe. Mwingine akasema tuchange tena tununue mpya. Mimi nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Format, nikangoja. Ilipomaliza, megabaiti zilikuwa zile zile. Basi nikamwendea Mwalimu.

Mwalimu alinifundisha kwa mfano wa ghala. Alisema, "Flashi ni kama ghala kubwa. Mlangoni pana daftari lililoandikwa vyumba: hiki chaanzia hapa na kuishia pale. Kompyuta haiendi kupima kuta. Husoma daftari tu, na kisichoandikwa humo, kwake hakipo."

Nikafahamu. Tulipoandika Ubuntu juu ya flashi, daftari la zamani lilifutwa, na mahali pake pakawekwa jingine lenye mpango wa Ubuntu. Katika mpango huo mna sehemu ambazo Windows haiwezi kuzisoma, na sehemu moja ndogo ya kuwashia mashine ambayo Windows yaijua. Hiyo ndogo ndiyo tuliyoonyeshwa. Ghala halikupungua hata shubiri moja.

Nikafahamu pia kwa nini Format haikufaa kitu. Kazi ya Format ni kufagia chumba kimoja kilichokwisha kuandikwa daftarini. Haigusi daftari lenyewe. Ukifagia chumba kidogo mara mia, hakitakuwa kikubwa. Dawa ni kulichana daftari bovu na kuandika jipya.

Sasa nieleze njia yenyewe. Kwanza kabisa, hamisha kila kitu unachokitaka kilichomo katika flashi, maana hatua zinazofuata zitakifuta. Kisha andika cmd katika mahali pa kutafutia programu, bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia, uchague Run as administrator, yaani kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Litafunguka dirisha jeusi. Andika amri hizi moja moja, ukibonyeza Enter kila baada ya amri:

diskpart
list disk

Hapo utaona orodha ya diski zote zilizomo katika mashine, kila moja na namba yake na ukubwa wake. Simama hapa, msomaji, kwa maana hapa ndipo nilipotaka kuangamia.

Mimi nilikuwa na karatasi niliyonakili kwa rafiki yangu, nayo ilisema hatua inayofuata ni select disk 1. Nikaandika hivyo hivyo bila kutazama orodha. Nilikuwa nimeanza kuandika amri ya kufuta, Mwalimu akanishika mkono. Akasema, "Soma unachokiona, si ulichonakili." Nikasoma. Diski namba 0 ilikuwa ya kompyuta yenyewe. Namba 1 ilikuwa na gigabaiti 931, nayo ni diski ya nje iliyochomekwa kwa waya, iliyotunza alama za Kidato cha IV za miaka miwili. Flashi yetu ilikuwa namba 2. Karatasi ya rafiki yangu haikusema uwongo. Kwake yeye flashi ilikuwa namba 1, kwa sababu hakuwa na diski nyingine iliyochomekwa.

Nikauliza, je, mashine isingeniuliza kwanza kama nina hakika? Mwalimu akajibu kwamba programu hii haiulizi. Aghalabu itakataa kufuta diski inayoiendesha kompyuta yenyewe, lakini diski nyingine yoyote itaifuta mara moja. Jasho likanitoka. Tukaichomoa ile diski ya nje kwa utaratibu wake, tukaandika list disk tena, na flashi ikasalia peke yake pamoja na diski ya kompyuta. Tangu siku ile hii ndiyo kanuni yangu: chomoa kila kisichohitajika, tambua flashi kwa ukubwa wake, kisha ichomoe na kuichomeka tena uone ni namba ipi inayotoweka na kurudi.

Ukiwa na hakika, endelea. Mahali pa 2 weka namba uliyoiona wewe mwenyewe:

select disk 2
clean
create partition primary
format fs=exfat quick
assign
exit

Ya kwanza huchagua ghala. Ya pili huchana daftari. Ya tatu huandika chumba kimoja chenye ukubwa wote. Ya nne hukitayarisha kwa mpango wa exFAT, unaosomwa na Windows na kompyuta nyingi za siku hizi. Ya tano huipa flashi herufi yake, na ya mwisho hufunga kazi. Ikiwa flashi ni ya kusikilizia nyimbo katika redio ya zamani, huenda ikafaa zaidi kuandika fat32 mahali pa exfat, ila mpango huo haupokei faili moja yenye gigabaiti 4 au zaidi.

Flashi yetu ilirudi na gigabaiti 29 na kitu. Wenzangu wakauliza, je, zile nyingine zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Gawanya 32,000,000,000 kwa hesabu ya Windows, utapata 29.8.

Lakini iko flashi moja ambayo dawa hii haiiponyi. Nayo ni ile ya bandia, iliyoandikwa gigabaiti 64 au zaidi kwa bei ya ajabu, na ndani yake zimo 8 tu. Hapo mwongo si daftari, ni mlinzi wa ghala, yaani kifaa kidogo cha ndani kinachoiambia kompyuta ukubwa wa uongo. Utanakili faili zako na majina yake utayaona, lakini ukizifungua hazifunguki. Ukitilia shaka flashi mpya, ijaribu kwanza kwa programu ya H2testw katika Windows, au F3 katika Linux. Programu hizi huijaza flashi, kisha husoma yote yaliyoandikwa kuona kama yapo.

Mitihani yetu imekwisha kurudishwa katika flashi, wala hatukuchanga hata senti. Na alama za Kidato cha IV zipo salama. Ile karatasi ningali nayo, ila nimeandika juu yake kwa wino mwekundu: Tazama orodha kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Format haikuirudishia flashi nafasi yake?
2. Flashi ya gigabaiti 16 itaonekana kuwa na gigabaiti ngapi katika Windows?
3. Taja njia mbili za kuitambua flashi yako kabla ya kuandika clean.

Katibu wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha III