Kidudu cha seli moja katika maji ya mfereji



Wengi wetu tunasema: «Maji ya mfereji yako meupe, basi ni mazuri.» Somo la leo ni juu ya kitu ambacho macho hayaoni: vibrio, kidudu kinacholeta kolera.

Ni seli moja tu. Umbo lake ni kama koma ya kwenye daftari, na kiko na mkia mmoja wa kuogelea. Kinapenda maji ya vuguvugu, na kinajishika kwenye vidudu vingine na majani ya majini. Wengi wanaokibeba hawaumwi hata kidogo, lakini wanakitoa chooni kwa siku 1 mpaka 10.

Munakumbuka mafuriko ya Aprili 2020 hapa Uvira. Maji yakipita katika vyoo, yanabeba kila kitu mpaka mashambani na ziwani. Mwaka ule ule watu walipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Chanjo inasaidia, lakini haisafishi maji.

Kidudu hiki hakivumilii moto, ukavu wala maji ya javeli. Kwa hiyo mpunga uliokauka vizuri kwenye jua hautusumbui sana. Mboga mbichi ndizo za kuchunga.

Shambani tufanye hivi:

1. Choo kiwe mbali na mfereji na kisima, metre 30 au zaidi. Wanaolima mpunga nao wapate choo karibu na kazi.
2. Musitie mboga mbolea mbichi ya choo cha watu.
3. Mwagia maji chini kwenye shina, si juu ya majani, sana sana saladi na tomati.
4. Musioshe lengalenga mferejini ao ziwani mbele ya kwenda soko, hata kama wateja wanapenda zing'ae. Mutumie maji ya bomba ao yaliyotiwa javeli.
5. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yamechemshwa, katika bidoni yenye kifuniko.

Mtu akianza kuhara maji kama yale ya kuoshea mchele, musingoje asubuhi. Litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi: anywe kidogo kidogo njiani, mukimpeleka kituo cha afya.

Kazi ya mkutano ujao: tembeeni pamoja kandokando ya mfereji, toka juu mpaka chini. Muchore kila choo na kila mahali pa kufulia. Kisha muulizane: nani anakunywa maji haya chini yetu?