Ramani ya Kuchekesha ya Reli

Muhula huu darasa letu lilipewa kazi katika somo la jiografia: kuchora ramani ya Reli ya TAZARA kana kwamba ndiyo kwanza inafunguliwa, ramani ya kumchekesha mtu hata atamani kukata tiketi. Napenda kuwaeleza wenzangu jinsi nilivyoifanya, pamoja na kosa langu, ili atakayejaribu asilirudie.

Ramani za namna hii si jambo geni. Mwaka 1914 Mwingereza mmoja, MacDonald Gill, alichora ramani ya treni zipitazo chini ya ardhi mjini London. Aliijaza vijitu vyenye kusema maneno ya mzaha, ikabandikwa stesheni ili kuwavuta abiria.

Kwanza, chora mstari wa reli. Reli yetu ina urefu wa kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Waweza kuupinda mstari na kuufupisha upendavyo, lakini usibadili mfuatano wa stesheni: Mlimba, Makambako, Mbeya, Vwawa, Tunduma, kisha Nakonde ng'ambo ya mpaka. Picha ya twiga haimpotezi abiria. Stesheni zikipinduliwa ndipo apoteapo.

Pili, chagua picha za mahali penyewe. Penye Hifadhi ya Nyerere nilichora tembo akiipungia treni mkonga. Mbozi nilichora Kimondo, lile pande la chuma lililoanguka toka angani, limevaa miwani na kushika kikombe cha kahawa ya hukohuko. Hapa kwetu Tunduma nilichora foleni ndefu ya malori, na garimoshi likiyapita huku likicheka.

Tatu, jua mpaka wa mzaha. Hapa ndipo nilipokosea. Kati ya Mlimba na Makambako milima ni mikali, na mahandaki ni mengi. Nilichora fuko waliovaa kofia za kazi, wakichimba huku wakicheza ngoma. Jioni nikampelekea babu, ambaye katika ujana wake alikuwa kibarua wa reli hiyo. Alimcheka tembo, akakicheka Kimondo. Alipofika penye fuko akanyamaza.

"Mjukuu wangu," akasema, "hapa tulikuwa watu. Wengine hawakurudi kwao."

Yako makaburi ya mafundi wa Kichina huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Na Waafrika pia walikufa katika kazi ile. Kwa aibu nilitaka kukiacha kipande hicho kitupu. Babu akanikataza, akasema hata mtani achekeshaye msibani humjua marehemu ni nani. Basi niliwafuta fuko, nikachora watu wenye sururu, Waafrika na Wachina, kila mmoja na uso wake. Mmoja nilimchora akicheka, kwa kuwa babu alisema kucheka nako walicheka.

Sasa ramani imebandikwa ukutani darasani. Wenzangu hucheka toka Dar es Salaam. Wakifika Mlimba hunyamaza wakitazama nyuso zile, kisha hucheka tena hadi Tunduma. Mwenye kutaka kuiona na aje.