MSAMAHA BAADA YA DAMU KUMWAGIKA

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Somo la leo ni zito. Mtu ameuliwa mzazi, ng'ombe wake wameporwa, nyumba yake imechomwa. Vita vimepoa, naye anaambiwa asamehe, maana Mungu anawapenda wenye kusamehe. Ni kweli anawapenda. Lakini je, kusamehe ni kunyamaza? Tuangalie mambo matatu.

1. Ukweli hutangulia. Wahshi alimwua Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Baada ya Makka kufunguliwa mwaka wa 8, alikuja kusilimu. Mtume alimwuliza juu ya Hamza, naye akakiri. Hakulipiziwa kisasi.

2. Uchungu wa aliyekosewa uheshimiwe. Mtume alimpokea Wahshi, lakini alimwomba, akiweza, asimwonyeshe uso wake. Alisamehe, na moyo bado uliuma. Basi usimlaumu mjane asiyeweza kumpa mkono aliyemwulia mume. Haki ya kusamehe ni yake. Imamu hawezi kuitoa kwa niaba yake, wala chifu.

3. Haki irudishwe. Suratul-Baqara, aya ya 178, inampa ndugu wa marehemu nafasi ya kusamehe, na papo hapo inamwamuru aliyesamehewa alipe fidia kwa wema. Haki ya binadamu mwenzako haifutwi kwa sala wala saumu. Ukilima shamba la mkimbizi, au ukilala chini ya mabati yake, toba yako haijatimia.

Tuna mfano katika nchi yetu. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, katika Ituri, kilishambuliwa. Raia waliuawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikaporwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimhukumu Germain Katanga kifungo cha miaka 12. Mwaka huohuo aliacha rufaa yake na kuwaeleza wahanga masikitiko yake. Mwaka 2017 mahakama iliamuru watu 297 wapate fidia: dola 250 kwa kila mmoja, kama alama tu, pamoja na misaada ya makazi, masomo na riziki. Dola 250 hazimrudishi marehemu. Lakini zinasema wazi kwamba huyu alidhulumiwa.

Hata hivyo, mwishoni mwa 2017 mapigano yalirudi Ituri. Hukumu ya mtu mmoja haitoshi. Kila jirani ana lake la kukiri na kurudisha.

Basi, ndugu yangu, una mali ya mwenzako? Irudishe kabla ya siku ambayo fedha haitalipa deni. Ukiona haya, tuma wazee wawili. Umedhulumiwa? Dai haki yako, lakini usiwarithishe watoto wako kisasi. Nawe uliye shahidi, Suratul-Hujurat, aya ya 9, inakuamuru upatanishe kwa uadilifu, bila kuegemea kabila lako.

Ee Mola, warehemu waliouawa, wape subira waliobaki, na utupe ujasiri wa kusema kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.